Moshi wa Malongo

Vidole vya Malongo vilikataa kukunjika. Alichuchumaa kando ya ng'ombe, akashika chuchu, ikamponyoka. Kamba ya mgambo ilikuwa imemwachia alama nyeusi kwenye vifundo vya mikono.

"Nipishe," alisema balozi wa nyumba kumi, aliyekuja kumpa pole baada ya Malongo kutoka mahabusu.

Akakamua yeye. Nzi walimwandama ng'ombe, akarusha teke, nusu ya maziwa ikamwagika.

"Msamehe, balozi. Bila moshi hatulii. Kwetu Shinyanga, jioni tunachoma samadi zizini ili nzi wakimbie." Malongo akasugua alama za kamba. "Aliyenichongea alisema kwa moshi huo ninaziita ndege za adui. Labda hajawahi kufuga."

Ndivyo balozi alivyowaambia mgambo, neno kwa neno. Hapa kwao Kaniha walilima mihogo tu, hawakufuga.

Balozi aliegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe.

"Simlaumu, ni vita, kila mtu anaogopa," Malongo aliendelea. "Ila wewe ndiye mkubwa wetu hapa. Ukiniruhusu nitawasha kidogo tu, nawe ukae hapa uone."

Balozi aliendelea kukamua, ingawa maziwa yalikuwa yamekwisha.