Mtihani wa Bibi Agnes

Bibi Agnes aliomba sukari, akapewa kiberiti.

Alirudia ombi lake polepole, kwa sauti ile ya upole aliyowasemeshea wagonjwa. Popatlal, mwenye duka, alikuna kichwa, akatazama rafu zake juu hadi chini, kisha akamletea mshumaa. Mwishowe Agnes alinyoosha kidole kwenye gunia. Popatlal akacheka kwa kuona haya, akampimia sukari yake.

Njiani Agnes alimsikitikia. Mtu amekaa Msambweni tangu ujana wake, anauza na kununua kila siku ya Mungu, na bado Kiswahili kinampiga chenga.

Yeye mwenyewe hakuwa ametimiza mwaka tangu ashuke melini Kilindini, akitokea Uskoti kuja kuuguza wagonjwa. Majuma ya kwanza yalimtesa. Hospitalini wenzake walimsemesha Kiingereza, lakini hospitalini hapauzwi nyanya. Sokoni alisimama kama bubu, akarudi nyumbani kula mkate na samaki wa mkebe. Kitabu cha Kiswahili alichopewa kwao kililiwa na mchwa kabla hajakifungua vizuri.

Aliyemwokoa alikuwa mama wa makamo aliyeitwa Mwanarusi, aliyeuza mihogo na mboga kwenye kona ya soko. Siku moja Agnes alishika muhogo, akagusa midomo yake mwenyewe, kisha akamtazama Mwanarusi kwa macho ya kuuliza. Mwanarusi alifahamu. Akamwambia muhogo unavyoitwa. Kisha nazi. Kisha mchicha, jua, mvua, njaa, na jina la mtu anayepunja wenziwe.

Tangu hapo Agnes alipita sokoni kila alasiri akitoka kazini, hata siku asizokuwa na la kununua. Alikaa mkekani na wanawake akichambua mboga, akiyadaka maneno yao moja moja. Alipokosea walicheka, wakamrudisha nyuma aanze tena. Alipopatia walimpigia vigelegele, na watu wa barabarani wakadhani kuna harusi.

Siku hiyo ya kiberiti alifika kwa Mwanarusi na kikapu mkononi, akabonyeza muhogo kwa kidole gumba.

“Huu ni wa jana,” alisema.

“Wa jana? Umeng’olewa leo asubuhi, mwanangu. Tazama, umande haujakauka.”

“Huo ni umande, mama, au umeumwagia maji uliponiona natokea pale?”

Wanawake waliangua kicheko. Mwanarusi akaongeza muhogo mwingine kikapuni bila kuombwa.

“Mtoto huyu keshakuwa wetu,” alimwambia Dama, jirani yake wa nazi.

Agnes alitabasamu, lakini hakuinuka kwenda zake. “Kesho naitwa Mombasa,” alisema. “Serikali inataka kujua kama nasema lugha yenu. Nikishindwa, watanihamishia Nairobi, kwenye hospitali ya Wazungu.”

Dama aliweka nazi yake chini.

“Na wewe wataka kwenda?” Mwanarusi aliuliza.

“Sitaki.”

“Basi una hofu gani? Wewe hunigombeza kila siku hata nikakosa la kujibu. Nenda ukawagombeze na wao. Mwenyezi Mungu atakufungulia ulimi.”

Kesho yake Agnes alivaa gauni lake la kanisani, akapanda basi mpaka Likoni. Kwenye kivuko alimwuliza karani wa tikiti kama watakawia kuvuka. Karani, mtu wa bara, alimkazia macho, kisha akamwomba radhi, arudie kwa Kiingereza. Agnes hakuvunjika moyo. Watu wa bara na Kiswahili, alishasikia habari zao.

Watahini walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Mzungu wa serikali, aliyejifunzia Kiswahili chake Nakuru. Mwenziwe alikuwa Mwalimu Mbwana wa Mji wa Kale, mtu mzima mwenye kanzu safi na ndevu zilizochanwa vizuri. Mwalimu alimwuliza swali upesi upesi, kwa lafudhi ya mjini, Agnes akaambulia nusu tu. Mzungu akamsaidia kwa Kiingereza: aeleze anavyonunua chakula chake.

Agnes alivuta pumzi, akamfikiria Mwanarusi, akaanza.

Alieleza jinsi ya kumjua samaki mbichi kwa kumtazama jicho, na ya kuitikisa nazi sikioni usikie maji yake. Alieleza mboga chungu zinavyopikwa na tui ili zisimshinde mlaji. Akamwigiza Mwanarusi akiapa kwamba mihogo yake imeng’olewa asubuhi, akajiigiza mwenyewe akimkatalia, mkono kiunoni. Maneno yalimtoka bila kuitwa. Tangu aondoke kwao hakupata kujisikia hivyo, mwepesi, kama mtu anayezungumza barazani kwake.

Mwalimu Mbwana aliinamisha kichwa. Mabega yake yalikuwa yakitikisika, na mara alijifuta macho kwa leso. Agnes aliona amemgusa, akazidisha.

Alipomaliza, aliwatazama watahini wake. Mzungu alikuwa ameshika kalamu hewani na hajaandika hata herufi. Uso ulikuwa umemwiva. Alimwinamia mwenziwe.

“Mwalimu,” alinong’ona, “hiki ni Kiswahili cha ndani mno, au ni mimi tu?”

Mwalimu Mbwana alikunja leso yake, akaitia mfukoni.

“Kiswahili, bwana, mama huyu bado hajaanza,” alisema. “Hiki ni Kidigo kitupu, na tukimpeleka Nairobi, Wadigo wa Msambweni watakuja hapa kumdai mtoto wao.”