Lenzi Iliyotazama Pembeni

Onsongo alikuwa bado anaapa kwa jina la mamake wakati Bosire alipompiga spana ya tatu. Ya kwanza ilikuwa ya bega, ya pili ya mbavu, na hii ikamng'oa jino la mbele, likaangukia maganda ya mahindi nyuma ya ghala pale Kedowa. Ilikuwa saa tisa, jua linawaka kama siku nyingine yoyote.

Lazarus alimkaba kutoka nyuma asipate pa kukimbilia. Lazarus alikuwa rafiki wa kweli. Aliacha funguo za stoo ya kiwanda kwa mwenzake, akaja kumwonyesha Bosire nyumba anamojificha huyu mtu.

"Haki ya Mungu, sikuwa huko!" Onsongo alitema damu. "Bosire, angalia hii mkono. Hata jembe haishiki. Ningeshika panga na nini?"

Aliuinua mkono wa kushoto kadiri Lazarus alivyomruhusu. Vidole viwili vya mwisho havikuwepo.

"Hiyo hiyo ndiyo naangalia," Bosire akasema. Kovu la shavu lake la kushoto, alilopewa na mnyororo uliokatika kiwandani, lilikuwa linamwasha kama kila alipokasirika.

Rola za kiwanda cha chai zilikuwa zimekula vidole vya wengi. Lakini viwili vya mwisho walipoteza watu wawili tu: Onsongo wa mkono wa kushoto, Lazarus wa mkono wa kulia. Watani walisema ukiwaunganisha hao unapata jozi moja nzima ya mikono. Zamani Bosire alikuwa anaucheka utani huo mpaka anatoka machozi.

Leo alikuwa na picha mfukoni, na aliiamini kwa sababu lenzi iliyoipiga alikuwa ameifunga kwenye kamera kwa mikono yake.

Shemeji yake Nyaberi, mpiga picha wa Sosiot, aliiokota kwenye chuma chakavu cha kiwanda cha kuchapa magazeti kilichofungwa. Ilikuwa lenzi nzito ya shaba, mbele yake pamebanwa kioo kinene cha pembe tatu. Bosire, fundi wa mitambo, aliichongea pete ya chuma, akaivalisha kopo la majani chai, akaifunga kwenye kamera kuukuu ya Nyaberi. Kwa ajili ya kile kioo, kamera ikielekezwa mbele ilipiga kilichoko pembeni. Watu hawakujua wanapigwa picha. Nyaberi aliwanasa wachumaji wakigombana, wakinyonyesha, wakicheka na midomo wazi. Katikati picha ilikuwa kali, kingoni kila kitu kimezama kwenye ukungu. Hapakuwa na mtu Kericho nzima aliyepiga picha kama zile, na Bosire alijivuna kuliko mwenyewe.

Nyaberi alimpa sharti moja tu. "Filamu ya hii lenzi usipelekee mtu mwingine, shemeji. Kuna vile mimi mwenyewe naigeuza."

Bosire alidhani ni wivu wa kazi.

Kisha Nyaberi akanasa gunia la chai likirushwa juu ya ua, na Onsongo analipokea. Onsongo akafukuzwa kazi. Nyaberi akasema aliyewafungulia wezi mlango wa stoo hajaonekana bado, lakini siku zake zinahesabika. Wiki mbili baadaye wakamkuta Nyaberi katikati ya michai, shingo imefunguliwa kwa panga. Kamera ilikuwa bado imesimama kwa miguu yake mitatu.

Muuaji alikuwa amekuja kwa pembeni, akidhani kamera inatazama mbele. Nyaberi aliwahi kubonyeza.

Bosire aliipeleka filamu kwa fundi wa picha wa Kericho mjini. Uso wa muuaji ulikuwa umepotelea kwenye ukungu. Panga lilikuwa katikati kabisa, na mkono uliolishika ulionekana mpaka kucha: mkono wa kushoto, vidole vitatu. Picha nyingine Bosire aliziacha ndani ya bahasha. Moyo haukumruhusu. Dada yake Jerusa, mjane wa Nyaberi, aliitazama ile moja kwa muda mrefu, kisha akamletea spana kubwa kutoka kona ya nyumba.

Pigo la nne lilitua kichwani, na Onsongo akanyamaza. La tano halikuhitajika, lakini Bosire alilipiga, akapiga na la sita. Hasira ilikuwa imemfunga macho.

"Wacha sasa," Lazarus akasema, akamwachilia Onsongo aanguke. "Amekwisha."

Walishuka mtoni. Bosire alikaa juu ya jiwe. Alikuwa amedhani atasikia nafuu, na nafuu haikuja. Alimkumbuka Nyaberi kwa uchungu mpaka akatoa ile bahasha na kuifungua, angalau aone vitu vya mwisho ambavyo macho ya shemeji yake yalivipenda.

Picha ya kwanza ilikuwa ya Bosire mwenyewe. Nyaberi alikuwa amemwiba kwa lenzi ile asubuhi ya siku ile ile aliyokufa, yuko karakana, anacheka, spana mkononi.

Bosire aliisogeza karibu. Spana ilikuwa katika mkono wa kushoto, mkono ambao tangu azaliwe hajautumia kwa kazi yoyote. Alijipapasa uso. Kovu lilikuwa pale pale, shavu la kushoto. Kwenye picha lilikuwa shavu la kulia. Hicho ndicho Nyaberi alichokuwa anageuza: kile kioo kilifanya kushoto kuwa kulia.

Hatua mbili kutoka kwake Lazarus alikuwa ameinama, anaisuuza spana nzito kwa mkono wa kulia, akiipindua huku na huku majini, na vile vidole vitatu vikiishika barabara.