Marahaba

Tangu vianze vibali vya kumbukumbu, jambo jipya lisilogongwa muhuri halikai akilini. Unalishika kwa kulirudia mdomoni tu, ukilikatiza, limekwenda. Na kwenye ofisi ya vibali kalamu huingii nayo.

Ndiyo maana Zawena alipita sokoni akinong'ona, "Msufini, safu ya tisa, kaburi la nne." Karani mmoja wa ofisi hiyo, mwenye huruma, alikuwa amemtajia hapo alipozikwa mumewe, Sudi, aliyechukuliwa na askari siku ya mgomo.

"Za kwako, Bi Zawena?" aliita muuza mchicha. "Za nyumbani je? Ama! Leo tumekuwa mbwa?"

Uso ulimwiva kwa aibu, lakini aliendelea kunong'ona. Waliotunga sheria ile hawakuwa wajinga. Walijua watu hawa wamelelewa kusalimiana.

Msufini, safu ya tisa, kaburi la nne. Aliingia uani, akaokota kipande cha mkaa, akafumba macho asije akapoteza neno, akaanza kuandika kwenye ukuta wa jikoni: Sudi amezikwa.

"Shikamoo, mama," alisema bintiye Mwanahawa, akitoka na ungo wa mchele.

"Marahaba, mwanangu."

Lilimtoka lenyewe. Zawena alifumbua macho, mkaa ungali mkononi.

"Unaandika nini, mama?"

Hakujua. Aliutazama ukuta. Chini ya maneno yake mawili palikuwa na mengine, ya mkaa uliofifia, kwa mwandiko wake mwenyewe: Sudi amezikwa. Sudi amezikwa. Sudi amezikwa.