Nusu Tangi, Watu Wawili

Hatua ishirini kabla ya mteremko, gari likasimama.

Lilisimama kwa sababu Bwana Zima alikuwa ameizima injini mapema mno. Alivyopiga hesabu, mwendo uliobaki ungelifikisha kileleni, kisha mteremko ungefanya kazi yake kwa kilomita nane bila kuchoma tone la mafuta. Hesabu ilikuwa nzuri. Gari ndilo halikuisoma.

Ni mwalimu wa fizikia, na jina hilo alipewa na wanafunzi. Nyumbani nako likamganda: akipita chumbani tu, taa imezimwa, ukitaka kufungua friji, kwanza uamue unachotaka huku mlango umefungwa. Mkewe ni fundi wa kushona. Alikuwa na cherehani ya umeme. Alikuwa. Siku hizi anakanyaga kwa miguu.

Ila safari hii haikuwa mzaha. Kaka wa mkewe, fundi magari, alikuwa amechoka kulifufua lile gari bure kila baada ya wiki mbili, ndipo wakawekeana dau: watu wawili, nusu tangi, mlango kwa mlango hadi kwa kaka huyo. Mshale wa mafuta ukishuka chini ya robo, au sharti lolote likivunjika, Bwana Zima anakabidhi funguo na gari linauzwa. Gari lenyewe alikuwa nalo tangu kabla hajaoa. Alilipenda kweli.

Kwa hiyo alijiandaa. Keria ya juu aliing'oa. Vioo vya pembeni alivikunja visishike upepo, cha ndani akakitoa kabisa, eti uzito. Simu aliizima isije ikadai chaji. Mkewe alimkalisha nyuma upande wa kushoto ili uzito ugawanyike, pamoja na shuka na mito ya makochi aliyomshonea kaka yake, ambayo Bwana Zima aliipima kwenye mizani kabla ya kuikubali.

"Mke wangu," akasema sasa kwa sauti laini, "nisukumie kidogo tu. Kuwasha tena hapa ni kupoteza mafuta."

Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya upepo, na kiyoyozi kimezimwa kwa sababu ya kila kitu. Mama wa watu alikuwa amelowa jasho chapachapa.

"Nikishuka hapa," akasema, "hutasikia neno langu mpaka ufike."

Bwana Zima akaona hiyo nafuu.

Mkewe akashuka na mkoba wake begani, akasukuma. Gari likajikokota, likasita, likaushika mteremko. Nyuma mlango ukajibamiza kwa kishindo, na Bwana Zima akatabasamu. Akinuna, mkewe hubamiza hata milango ya kabati.

Gari likateleza vizuri ajabu, jepesi hata usukani aliuona umelainika. Akatupa jicho nyuma mara moja tu, maana kugeukageuka kunayumbisha gari, akaona shuka limetuna pale kwenye kona. Amejifunika gubigubi, akawaza. Haya, na alale.

Kilomita nane, na mshale haukutikisika. Bondeni akawasha injini, akawa anakanyaga mafuta kwa ncha ya kidole gumba cha mguu. Basi likampita likipiga honi ndefu, na abiria mmoja wa dirishani akampungia mkono, tena kwa nguvu zote. Naye akapunga. Bado wapo watu wanaothamini uendeshaji wa adabu.

"Umeliona lile basi?" akasema kuelekea nyuma. "Mbio zote zile, watafika wapi?"

Kimya.

Kimya hicho kikaanza kumla. Saa nzima bila neno, kutoka kwa mwanamke ambaye hata sindano ikimponyoka huitolea hotuba! Akaikumbuka ile cherehani. Akakumbuka maji ya kuoga yasiyopata moto, pasi mara moja kwa wiki, na jasho la leo. Roho ikamuuma. Akaanza kusema, macho barabarani, kwamba amekosea. Kwamba kuokoa umeme si kumtesa mtu. Kwamba mshale ukibaki juu ya robo, Jumatatu anamletea cherehani mpya ya umeme na hataigusa swichi yake. Hakuwa amesema maneno mazuri kiasi hicho tangu enzi za uchumba.

Hakukatizwa hata mara moja. Analia huyo, akawaza, anaficha machozi. Naye yakamlenga.

Jua likianza kupunguza ukali, akaingia uani kwa shemeji yake. Injini alishaizima tangu kona ya barabara, gari likaja kusimama lenyewe mbele ya mlango. Shemeji akatoka akifuta mikono kwa tambara lenye grisi, akainama kwenye dirisha la dereva, akauchungulia mshale. Akauchungulia tena. Akaugonga kwa kidole, asije akawa amekwama bure.

"Robo na ushee," akasema. "Kwa mafuta umenishinda, shemeji."

Bwana Zima alifurahi. Akaupapasa usukani. Gari lake linabaki.

"Na mtu wa pili?" shemeji akauliza.

Bwana Zima akaweka kidole mdomoni, akamwonyesha kiti cha nyuma. "Polepole," akanong'ona. "Amelala."

"Sijalala," mkewe akasema kutoka barazani, sahani mkononi, nywele bado zina maji ya kuoga. "Shusha mito yangu, halafu mpe kaka funguo."