Mgeni Kwenye Karai la Kabula

Kitendawili! Sema "tega", mwanangu. Mgeni wangu kaingia, wenyeji wangu kimya. Usijibu haraka.

Mjukuu wangu Kabula alifuga samaki mmoja wa kigeni kwenye karai, pamoja na furu, visamaki vyetu vya ziwani. Akamwita Bwana Harusi kwa madoa yake mekundu. Juzi nikauliza furu wako wapi, akasema wamelala chini ya jiwe.

Siku hizi samaki wa kigeni hupimwa hatari nyumbani kwako, na sheria inataka ajibu yule anayemlisha. Wa hatari huchukuliwa.

Bi Nyanzobe, mpimaji, akatumbukiza kifaa chake majini. "Anakua upesi, joto analiweza. Kabula, huyu akifika ziwani atakula nini?"

Kabula akavuta karai kwake.

"Ukoko wa ugali," nikadakia. "Anaupenda kuliko mimi."

"Bibi, sikukuuliza wewe," akasema mpimaji.

Nikamvuta mtoto kifuani. "Sema, mke mwenzangu. Hata wakimchukua, mimi nipo."

Akamtazama Bwana Harusi wake, akaficha uso kwenye khanga yangu.

"Chini ya jiwe hakuna furu, Bibi. Amewala wote."