Kola ya Daktari Salha

Sheria ilimtaka kila mpasuaji mwanamke avae kola ya kubadili sauti kazini, kwa kuwa wagonjwa walitulia zaidi wakisikia sauti ya kiume. Daktari Salha alishazoea. Kila asubuhi aliijaribu kola mbele ya kioo, binti yake Kuluthumu akimtazama.

Jumamosi hiyo mtoto aliingia jikoni akichechemea, mwiba umemzama unyayoni. Salha akanawa mikono, akapitisha sindano motoni, akapiga magoti.

"Usiniguse, mama! Nataka daktari."

"Kwani mimi nani?"

"Yule wa kwenye kola."

Salha alitaka kucheka, akajizuia. Akabembeleza, akakaripia, akaahidi hadi kaimati. Mtoto akazidi kuukumbatia mguu wake. Mwisho Salha akaitoa kola mkobani, akaifunga shingoni.

"Tulia, mwanangu," ikasema sauti nzito ya mwanamume.

Kuluthumu akanyoosha mguu pale pale. Mwiba ukatoka mzima.

"Ahsante, daktari," alisema, akifuta machozi. "Na mimi nikiwa mpasuaji, sauti yangu nitaiacha wapi?"

Salha alifungua mdomo amjibu. Kola ilikuwa bado shingoni.