Mfuniko wa Rejeta

Tangu Tandi anunue lile gari kuukuu, kila asubuhi alikuta maji ya kijani ya rejeta yametuama chini yake. Kutoka hapo, nyayo za miguu mitupu zilielekea kwenye nyumba, zikakomea kizingitini, pale mgeni anaposimama kupiga hodi.

Siku moja alimwita fundi Chitemo. Fundi alifungua boneti, akautoa mfuniko wa rejeta na kuubonyeza kwa kidole gumba.

"Springi imechoka. Ukiliegesha likiwa la moto, maji yanausukuma mfuniko, yanamwagika."

"Na hizi nyayo?"

"Zako hizo, bosi. Unakanyaga maji bila kujua."

Tandi alizitazama tena. Zilikuwa kubwa kupita mguu wa mtu yeyote wa nyumba ile.

Fundi alifuta mdomo wa rejeta kwa kitambaa, akachukua mfuniko mpya. Kabla hajaufunga, wakamsikia Nasra, mke wa Tandi, akiitikia kwa uchangamfu kutoka jikoni.

"Karibu, fundi! Pita tu, mlango uko wazi!"

Wakatazamana. Hakuna kati yao aliyepiga hodi.

Mlangoni, unyayo mmoja ulikuwa umeshavuka kizingiti, bado unang'aa kwa maji. Ndani, kiti kikaburutwa sakafuni.

"Kaa hapo, nakuletea chai," Nasra akasema.

Mkono wa fundi ulibaki hewani na ule mfuniko, juu ya tundu lililo wazi.

"Nifunge," akanong'ona, "au nimwachie njia ya kurudi?"